Dahiba na Tundu la Ukutani

Dahiba binti Shazli hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Maziwa aliyanusa kabla muuzaji hajaitua ndoo, na akishayanusa maziwa alimnusa na muuzaji. Serikali ilipowahamisha Wanubi kutoka vijiji vyao vya mtoni na kuwapa nyumba za saruji huko Kom Ombo, zimepangwa kama meno ya kitana, wenzake walilia. Yeye alichukua mchi akagonga kuta zote za kila chumba kwa muda wa wiki nzima. Ukuta mmoja ulitoa sauti asiyoipenda. Kwa miaka arobaini hakuna aliyeruhusiwa kulala karibu na ukuta ule, na kwa miaka arobaini ukuta ule haukuanguka, jambo ambalo Dahiba alilihesabu kuwa ni hila tu ya ukuta.

Mumewe, Salih, alikuwa mpishi Aleksandria, kama walivyokuwa wanaume wengi wa Ashkar, kijiji chao cha mtoni. Alirudi nyumbani kila baada ya miaka miwili, akiwa na sabuni za kunukia. Barua zake zilikuwa fupi na za upole, kwa hiyo Dahiba akakata shauri kwamba ana mke mwingine. Akamtuma binamu yake, bawabu wa mtaa wa jirani na ule wa Salih, akachunguze. Binamu akarudi na habari kwamba Salih anaishi chumba kimoja juu ya paa, na paka. Dahiba akauliza kama paka ni wa kike. Binamu hakuwa ameangalia. Shauri hilo lilibaki wazi mpaka Salih alipofariki, na hata matangani Dahiba aliwakagua vizuri wanawake wote waliotoka Aleksandria.

Lakini hizo zilikuwa shuku ndogondogo, za kupitishia siku. Shuku yake kubwa, aliyoamka nayo na kulala nayo, ilikuwa juu ya wifi yake Samha, dada wa marehemu Salih, aliyekaa nyumba ya nne mtaa uleule.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule wa kuhama, siku tatu kabla ya meli kufika, Dahiba alijifungua mtoto wa kiume, Hilal. Kwa kuwa hakuweza kusimama, Samha ndiye aliyefunga mizigo ya nyumba. Dahiba akampa kidani cha dhahabu, urithi wa mama yake, akishone ndani ya godoro. Meli ikaja, watu wakabusu makaburi na milango, wakaondoka. Walipofika Kom Ombo, Dahiba akalichana godoro, akakuta pamba. Akalichana la pili, akakuta pamba. Samha akaeleza, bila hata kuinamisha macho, kwamba alisikia watu wakisema magodoro yote yatapasuliwa njiani, kwa hiyo asubuhi ya mwisho alipanda hadi kwenye hekalu la kale lililochongwa ndani ya jabali nyuma ya kijiji, akakitia kidani katika tundu la ukuta. Maji hayatafika kule juu, alisema, na sisi tutarudi baada ya mavuno. Mwaka ule watu wengi wenye akili zao timamu waliamini kwamba watarudi baada ya mavuno.

Hakurudi mtu. Bwawa la serikali, ambalo kwa ajili yake walihamishwa, lilipofungwa maji yalipanda, na kabla hayajafika jabalini walikuja wataalamu na misumeno, wakalikata hekalu vipande kama jibini, wakavipa vipande namba, wakalijenga upya juu ya kilima na kuliwekea jabali la kutengeneza mgongoni. Kazi hiyo ilisifiwa sana duniani. Nyumba za Ashkar hazikukatwa kwa misumeno. Ziliachwa zizame zilivyo.

Tangu godoro la pili, Dahiba hakusema na Samha. Hakunyamaza, maana walikuwa mtaa mmoja na ndugu wa familia moja, na kuna mambo lazima yasemwe. Alisema na kuku. Samha akipita, Dahiba aliwaeleza kuku wake kwamba duniani kuna watu wanaokula dhahabu za mzazi huku wanasali sala tano, na kuku walisikiliza. Samha naye alimjibu kupitia punda wake. Majirani waliozaliwa baada ya kuhama walidhani hiyo ndiyo desturi ya mawifi.

Kisha, mwaka wa arobaini, Awad akatia doa. Awad alikuwa mjukuu wa Samha, fundi umeme, kijana mwenye adabu na deni dogo la pikipiki. Alikuja na wazee wake kumposa Nabra, binti wa Hilal, mjukuu wa Dahiba. Ndugu kuoana ni jambo la heri kwa Wanubi, na Hilal hakuona kasoro yoyote kwa kijana. Akasema tu kwamba atamuuliza mama.

Mama aliulizwa. Alisema damu yake haitaingia nyumba ya mwizi hata ikibidi Nabra azeeke akisuka vikapu. Hilal akanyamaza, kwa kuwa ndiye aliyezaliwa siku zile za mizigo na kwa namna fulani alijiona ndiye chanzo. Nabra hakunyamaza. Alikuwa amerithi kichwa cha bibi yake, ila yeye alikitumia kwa mambo mengine.

"Bibi," alisema, "hekalu lenyewe lipo, tuna mpaka tarehe za kulihamisha. Twende tukatazame. Tundu likiwapo, Bibi Samha alisema kweli na mimi naolewa. Lisipokuwapo, nitamkataa Awad mwenyewe, kwa kinywa changu, na hutanisikia nikilalamika."

Dahiba alilitafuna neno hilo siku mbili, akitafuta mtego. Alipokuwa msichana alichunga mbuzi, na kila adhuhuri aliwaingiza hekaluni kivulini. Alizijua kuta zile kama alivyojua mgongo wa mkono wake, na hakukumbuka tundu. Siku ya tatu akakubali, kwa moyo mkunjufu kuliko mtu yeyote alivyowahi kumwona, hali iliyowatia wote wasiwasi.

Wakaenda wanne, kwa gari la kukodi, Awad akiendesha na Nabra kando yake. Nyuma walikaa wale mabibi wawili, katikati yao kikapu cha mikate na tende kikiwa mpaka wa nchi. Safari ile ni ndefu, jangwa tupu kulia na kushoto. Dahiba alimwambia Nabra amwambie dereva kwamba barabara hii haiendi Ashkar, kwa kuwa Ashkar watu walikwenda kwa maji. Samha akamwambia Awad amwambie abiria wake kwamba maji sasa yako juu ya Ashkar, kwa hiyo barabara haina pa kwenda ila juu ya maji. Baada ya hapo wakala tende, kila mmoja upande wake wa kikapu.

Langoni palikuwa na tiketi za wageni na tiketi za Wamisri. Askari, kijana wa kaskazini, aliwatazama wale mabibi weusi wenye mitandio myeusi mirefu ya kuburura nyuma, ya kufutia nyayo, akaomba vitambulisho ili ajue ni wa tiketi ipi. Dahiba akatoa chake. Askari akakisoma, akauliza Ashkar iko wapi.

"Pale," alisema Dahiba, akionyesha ziwani. "Shuka mita sitini, nyumba yetu ni ya tatu kushoto. Mlango uko wazi."

Askari akawapa tiketi za Wamisri. Dahiba alizigeuza nyuma na mbele. Alitaka kujua kwa nini mtu alipe kuingia katika zizi la mbuzi wake mwenyewe, lakini hakukuwa na mtu wa cheo cha kumjibu.

Mtu wa cheo alijitokeza mlangoni pa hekalu. Aliitwa Ustadhi Rauf, mkaguzi wa mahali pale, mwembamba, mwenye miwani na kofia ya majani. Siku hiyo hakukuwa na watalii, na mtu aliyesoma miaka tisa kisha akapelekwa jangwani huwa na mengi ya kusema. Aliwakaribisha kwa heshima akamwita Dahiba Hajja, kama wanavyoitwa wanawake wazee wote huko, wamehiji au hawajahiji.

"Sijahiji," alisema Dahiba. "Ningekuwa na kidani changu ningehiji."

Samha akatazama pembeni. Ustadhi, asiyejua kidani gani, akacheka kwa adabu na kuwaongoza ndani.

Dahiba aliingia polepole, kama mtu anayeingia dukani ambako amewahi kupunjwa. Nguzo nne zilikuwapo, na wale wafalme wanne wa mawe waliokaa, mikono magotini, yule wa mwisho hana pua kama siku zote. Lakini masizi ya mioto ya wachungaji hayakuwapo. Harufu ya popo haikuwapo. Sakafu ilifagiliwa. Alisogea ukutani, akaona mstari mwembamba uliopita katikati ya kifua cha mfalme, ukashuka hadi kiunoni na kukata kulia.

"Limeshonwa," akamwambia Nabra kwa sauti ya mtu aliyetegemea jambo hilo. "Hili si lenyewe. Lenyewe wameuza. Hili wametupigia nakala."

Ustadhi alisikia, akaeleza kwa subira kwamba ni lenyewe, jiwe kwa jiwe, na kwamba kila kipande kilirudishwa mahali pake bila kukosea hata unene wa kidole. Dahiba akamuuliza kama yeye alikuwapo. Ustadhi alikiri kwamba wakati huo alikuwa hajazaliwa. Dahiba akatikisa kichwa kwa upole, kama hakimu anayemsamehe shahidi kwa umri wake.

Hata hivyo palikuwa na kitu kilichomsumbua. Kwenye goti la mfalme wa pili palikuwa na mchubuko mdogo, mahali ambapo beberu wake mmoja mkaidi alizoea kusugua pembe zake. Aliupita mara mbili. Mara ya tatu akaugusa kidogo, huku Ustadhi ameangalia kwingine, na hakusema neno kwa mtu.

Wakafika chumba cha ndani. Hapo Nabra akamgeukia Samha, kwa kuwa ndiye aliyehusika, akamuuliza waziwazi ni wapi. Samha hakusita. Upande wa kushoto, alisema, chini ya miguu ya yule aliyechongwa mwenye kichwa cha kipanga, usawa wa kiuno.

Wote wakatazama. Chini ya miguu ya yule mwenye kichwa cha kipanga hapakuwa na tundu. Palikuwa na kioo cha mraba, ukubwa wa sinia, kimebanwa ukutani kwa shaba, na taa ndogo juu yake, na kibao.

Awad akageuka rangi. Dahiba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka arobaini, alimgeukia Samha uso kwa uso, bila kuku wala punda.

"Tundu liko wapi, wifi?"

Samha alisogea karibu. Alikuwa amekitazama kioo, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa kigeni.

Ustadhi Rauf alifurahi kwamba hatimaye wageni wamefika kwenye jambo la maana. Akawasha taa. Hiki, alisema, ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika hekalu hili, ingawa watalii hukipita. Hekalu lilipokuwa kanisa, miaka elfu na zaidi iliyopita, mtu aliziba mahali hapa kwa udongo wa mto uliochanganywa na makapi, kisha akagandamiza kiganja chake. Wakataji walipokiona wakasimamisha kazi siku nane. Kipande kizima kikatolewa bila kuguswa, kimefungwa kwa pamba. Na ajabu yake, angalieni, mkono huu una vidole vinne na nusu. Kidole cha mwisho kinaishia kwenye kifundo cha kwanza. Wataalamu wamebishana sana. Wengine wanasema ni alama ya watawa. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kurasa mia mbili na kumi kuthibitisha kwamba ni ishara ya sadaka, na kwa kurasa hizo alipewa shahada.

Dahiba aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kioo. Aliufuta kwa mtandio. Aliuona udongo ule, na mchanganyiko wake, makapi mengi kupita kiasi, kosa ambalo alimkemea wifi yake kila mwaka walipofinyanga mitungi ya nafaka. Na kila mtungi ukimalizika, mfinyanzi aligandamiza kiganja ubavuni, ili nyumba ijulikane na nafaka isiibwe. Mkono ule aliuona kwenye mitungi yote ya nyumba ya mumewe, miaka sita mfululizo, kila alipokwenda kuchota dura, mtama wa huko.

"Lete mkono," alisema.

Samha akautoa chini ya mtandio. Ulikuwa umekauka na kujaa mishipa, na kidole chake cha mwisho kiliishia kwenye kifundo cha kwanza. Akauweka juu ya kioo. Miaka ilikuwa imeukunja kidogo, lakini vidole vililala juu ya vidole, na kile kifupi juu ya kile kifupi.

Kisha Ustadhi akapumua kwa nguvu na kutafuta daftari lake. Hakuwa mjinga, na jibu lilikuwa mbele yake kabisa, ndiyo maana alilipita. Alisema hili ni jambo kubwa. Alisema kumbe desturi haikufa, kumbe imeendelea katika wanawake wa Kinubi zaidi ya miaka elfu, mpaka leo. Akamwomba Samha, kwa heshima yote, amweleze kidole kilikatwaje.

"Kilinaswa na gurudumu la kuvutia maji," alisema Samha. "Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nacheza mahali nilipokatazwa."

Ustadhi aliandika: kukatwa kwa kidole kunahusiana na maji na hutendeka katika umri wa miaka saba. Akapigia mstari.

Awad hakuweza kuvumilia. Alisogea mbele akaanza kusema Ustadhi samahani, nyuma ya udongo huo kuna, na hapo Dahiba akamkanyaga. Alimkanyaga kwa kisigino na uzito wake wote, na kijana, aliyekuwa na nia ya kuoa, akamalizia kwa kusema kuna joto sana humu ndani.

Wakatoka nje. Vijana wakaachwa na Ustadhi, aliyekuwa akitaka kujua kama Nabra naye ana vidole vyote. Mabibi wawili wakakaa kwenye kidato cha mlango, ziwa mbele yao, limenyooka na kung'aa, halina dalili kwamba kuna kitu chini.

"Tundu lilikuwapo," alisema Samha.

"Uliziba mahali. Hilo nimeliona. Ulichokifungia ndani sijakiona."

"Niliweka kidani chako, Dahiba."

"Au jiwe. Mtu akitaka kuiba kwa akili, huweka jiwe akaziba."

Samha hakukasirika. Alikuwa amechoka kukasirika tangu zamani. Alisema basi wamwambie Ustadhi, avunje ule udongo, waone wote. Yeye yuko tayari hata sasa hivi.

Dahiba alikuwa akiligeuza jambo lile kila upande, kama alivyogeuza tiketi. Wakimwambia, hataamini, maana ana kurasa mia mbili na kumi. Akiamini na kuvunja, na dhahabu ikatoka, itakwenda Kairo ndani ya kioo kingine, na kibao kitasema ni ya watawa. Hapo atakuwa amepoteza kidani mara mbili, na wifi yake atakuwa mkweli mbele ya mashahidi. Na jiwe likitoka, itakuwaje? Nabra alikuwa ametoa neno lake, naye si mtu wa kulirudisha. Binti atamkataa kijana anayemtaka, na Samha atakuwa mwizi kweli. Dahiba alishangaa kuona kwamba hilo la mwisho, alilolingoja miaka arobaini, halikumfurahisha. Mtu pekee aliyebaki duniani aliyejua goti la mfalme wa pili lilichubuliwa na beberu wa nani alikuwa amekaa kando yake kwenye kidato kile.

Zaidi ya hayo, hapa palikuwa na askari wawili, lango, kufuli, kioo, na taa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na mali iliyolindwa vizuri hivyo, na bila mlinzi hata mmoja kujua analinda nini.

"Wasivunje," alisema.

"Huniamini bado."

"Sijasema hivyo. Nimesema wasivunje." Akakunja mtandio wake magotini. "Lakini usifikiri mtamlipia mjukuu wangu mahari kwa kitu kilicho nyuma ya kioo cha serikali. Nabra atavishwa kidani kipya. Sawa na kile."

Samha akageuka taratibu. "Sawa na kile?"

"Visahani vile vile."

Hapo inafaa ielezwe kwamba kidani cha mama yake Dahiba kilikuwa kimekua sana tangu kipotee. Mwaka wa kwanza kilikuwa na visahani vinne vya dhahabu. Hilal alipoanza shule vilifika sita. Kuku wa siku hizi walisimuliwa habari za visahani tisa, kila kimoja mapana ya kitako cha gilasi.

"Vilikuwa vitatu," alisema Samha. "Na cha katikati kimebonyea ukingoni, kwa sababu mama yako alikidondosha kisimani siku ya harusi yako. Nilikishika, Dahiba. Nilikifunga kwa kitambaa changu mwenyewe."

Mbali kwenye maji ilipita boti ya wavuvi, mashine yake ikikohoa. Dahiba aliisindikiza kwa macho mpaka ilipojificha nyuma ya kilima. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia habari ya ukingo uliobonyea. Yeye mwenyewe alikuwa ameisahau, au alikuwa ameiacha njiani alipokuwa akiongeza visahani.

"Vitatu," alisema mwishowe. "Lakini kisiwe na cha kubonyea."

Nabra alitoka mlangoni, Awad akichechemea nyuma yake, akauliza wamefikia wapi. Dahiba alisema hawajafikia popote, kwamba yeye hajakubali jambo lolote, na kwamba wazee wa Awad waje Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, si kabla, na dhahabu waje nayo mkononi, si kwa maneno. Halafu akamgeukia Samha na kumuuliza sonara wao ni nani, anakaa mtaa gani, na mizani yake mara ya mwisho ilikaguliwa lini.